Dodoso la Sonona kwa Kiswahili: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Vyuo Tanga

Kila tukibandika tangazo la kutafuta washiriki wa utafiti wetu wa dodoso la sonona, maswali yanayokuja ni yale yale. Mengine yanaingia WhatsApp usiku wa manane, mengine tunaulizwa uso kwa uso, mtu kashika chai na andazi. Tumeyaweka hapa. Yapo ya wanafunzi wanaoombwa kujaza dodoso, yapo ya wanaoandika tasnifu na wanataka kulitumia. Hatukuyatenganisha, maana aliyejaza mwaka jana mara nyingi ndiye anayeandika tasnifu mwaka huu.

Dodoso lenyewe ni lipi?

Ni PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression kwa Kiingereza). Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: raha, huzuni, usingizi, uchovu, chakula na kadhalika. Kila swali lina majibu manne yanayohesabiwa 0, 1, 2 au 3, kwa hiyo jumla inaanzia 0 na kuishia 27. Liliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na utafiti uliolipima ulichapishwa 2001. Kampuni ya dawa ya Pfizer ndiyo iliyogharamia, lakini kulitumia ni bure na huhitaji kuomba ruhusa. Maswali hayo tisa hayakuokotwa: yanafuata dalili tisa ambazo madaktari wa huko huzitazama wanapotambua sonona.

Chini kabisa kuna swali la kumi, linalouliza dalili hizo zimekukwamisha kiasi gani kwenye kazi, nyumbani na mbele za watu. Halijumlishwi, na wanafunzi wengi wanaoandika tasnifu hulifuta ili fomu iwe fupi. Msilifute. Mtu mwenye alama 11 anayehudhuria vipindi vyote si sawa na mwenye 11 ambaye hajatoka chumbani tangu Jumatatu.

Sonona ndiyo stresi?

Hapana, ingawa mara nyingi utazikuta pamoja. Stresi ya mtihani huondoka mtihani ukipita. Sonona, kwa vigezo vya madaktari, ni dalili tano au zaidi kati ya zile tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa raha ya mambo. Neno lenyewe ni la zamani, wazee wa pwani wanajua kusonona ni kuumia moyoni kimyakimya. Hospitali ndizo zilizolipa kazi mpya. Wanafunzi wengi wanaotoka bara wanalisikia kwa mara ya kwanza kwetu, ndiyo maana halimo katika swali lolote kati ya tisa. Hata juu ya fomu tumeandika tu "Dodoso la hali yako katika wiki mbili zilizopita".

Si limeshatafsiriwa Kiswahili? Mnahangaikia nini tena?

Limetafsiriwa, tena zaidi ya mara moja. Eldoret, Kenya, lilipimwa kwa watu wazima wanaoishi na VVU na matokeo yakachapishwa 2009. Lakini mtu mzima anayehudhuria kliniki Eldoret na binti wa miaka 20 anayesoma Tanga hawatumii Kiswahili kile kile, na hata uchovu wao hauna chanzo kimoja. Kipimo huthibitishwa kwa kundi fulani, kwa lugha ya kundi hilo. Ukilihamisha dodoso, swali linarudi mezani: je, hapa pia linakamata kile linachodai kukamata?

Ipo njia nyingine, ya kuanza na maneno ya watu wenyewe. Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 kazi kuhusu dodoso la maswali 19 lililotengenezwa hapa hapa nchini. Zimbabwe wana dodoso la maswali 14 kwa Kishona, linalojengwa juu ya malalamiko ya watu wa huko, na neno lao *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, limejulikana duniani. Njia hiyo ni nzuri na ndefu. Ubaya wake ni kwamba huwezi kulinganisha alama zako na za nchi nyingine. Sisi tumekaa na PHQ-9 kwa sababu hiyo, si kwa sababu ni bora kuliko yote.

Nipeni mfano mmoja wa tafsiri sahihi iliyoharibu kipimo.

Huu ndio tunaoupenda. Majibu ya asili ni manne: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Soma tena jibu la tatu. "Zaidi ya nusu ya siku." Kisarufi halina kosa. Mwalimu yeyote wa Kiswahili atalipitisha, na mtu akilirudisha kwenye Kiingereza atapata kile kile cha mwanzo.

Sasa njoo kwa mwanafunzi. Tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini na binti mmoja wa mwaka wa pili, tukimwomba atueleze anavyolielewa kila swali kabla ya kujibu. Kwenye swali la uchovu aliweka alama kwenye jibu la tatu. Tukamuuliza kwa nini.

"Dada, si mmeandika nusu ya siku? Mimi nikitoka kipindi saa nane mchana nimechoka mpaka nalala. Hiyo haizidi nusu ya siku?"

"Imetokea siku ngapi ndani ya wiki hizi mbili?"

"Jana na juzi tu."

Siku mbili kati ya kumi na nne. Jibu lake lilipaswa kuwa "siku kadhaa", alama 1, akaandika 2. "Siku" kwa Kiswahili ni siku, iwe moja au ziwe saba, na sentensi haikumwambia tunahesabu siku au tunapima saa. Maswali matano yakipanda namna hiyo, mtu wa alama 6 anafika 11 na kuvuka mstari wa 10, ambapo dodoso huanza kumhesabu mtu kuwa huenda ana sonona. Tukabadilisha: "zaidi ya siku saba". Jibu la kwanza nalo, lililokuwa "hata kidogo", tukaliandika "haikutokea hata siku moja", kwa sababu "hata kidogo" linapima ukali na sisi tunauliza idadi ya siku.

Kuna maneno mengine ya kuchunga?

Mengi, lakini haya yametusumbua kuliko mengine.

"Kujisikia vibaya" katika swali la sita. Asili yake ni mtu kujidharau, kujiona ameshindwa. Kwa Kiswahili cha kawaida anayejisikia vibaya ana homa au tumbo linamkata. Tumeandika "kujiona hufai". Swali hilo hilo lina kipande cha kuiangusha familia, na hapo kila mwanafunzi aliyesomeshwa kwa harambee ya ukoo anatikisa kichwa. Mtu ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na mjomba aliuza mbuzi amlipie ada. Atajibu "karibu kila siku" na bado analala vizuri na kucheka na wenzake.

"Kuchoka." Mtaani aliyechoka ni asiye na kitu mfukoni. Tuliongeza "mwili kukosa nguvu".

"Hamu ya kula." Kijana mmoja alitujibu, "Hamu ninayo, hela ndiyo sina." Bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo za kujikimu, lilikuwa bado halijaingia. Kijana huyo kweli hakuwa anakula, lakini kwa sababu ambayo daktari wa akili haitibu. Tangu hapo msaili anafundishwa kuuliza: chakula kikiwepo mbele yako, unakitaka?

Swali la pili lina maneno matatu kwa mpigo, na la mwisho ni kukosa matumaini. Pwani hii, Mwislamu kwa Mkristo, kukata tamaa na Mungu ni dhambi. Tuliona watu wanaruka kwa haraka: "Hapana, tamaa sijakata." Huku machozi yanawalenga. Hapa hatujapata neno la kuturidhisha sote. Kwa sasa tunatumia "kuona mambo hayatakuwa mazuri mbele", na mjadala bado ni mkali ofisini.

Swali la nane nalo, la kwenda taratibu au kinyume chake kutotulia, lina mambo mawili yanayopingana ndani ya sentensi moja ndefu. Lisome polepole. Ndiyo tiba pekee tuliyo nayo.

Kwa nini msiandike lugha yetu ya chuo, "nimevurugwa", "mudi imekata"?

Kwa sababu "kuvurugwa" leo ni huzuni, kesho ni hasira, na mwakani litakuwa limekufa. Dodoso linahitaji maneno yatakayodumu. Lakini kwenye mazungumzo ya kueleza dodoso tunayatumia sana, na ndiyo yanayofungua mdomo wa mtu.

Chuoni tunasoma kwa Kiingereza. Si mtupe la Kiingereza tu?

Tunaulizwa hili na walimu zaidi kuliko wanafunzi. Mtu anaandika insha ya kurasa kumi kwa Kiingereza, lakini akifiwa analia kwa Kiswahili, au Kisambaa, au Kidigo. Pia tumeona watu wakikubali kwa Kiingereza jambo ambalo kwa Kiswahili lingewachoma, na si rahisi kujua jibu lipi ni la kweli zaidi. Chagua lugha moja kwa utafiti mmoja. Ukichanganya fomu mbili ukajumlisha alama kama vile ni kipimo kimoja, utakuwa umedhani tu kwamba zinalingana.

Jambo jingine: vyuo vya Tanga havina Watanga peke yao. Neno kama "fadhaa" mwenyeji wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, analipokea bila kufikiri, aliyetoka Kahama, huko bara, anakutazama. Wakati wa kujaribu tafsiri hakikisha wote wawili wapo chumbani.

Mnatafsiri vipi hasa?

Watu wawili wanatafsiri kila mmoja kivyake, mmoja anajua tiba na mmoja hajui. Wanakutana, wanabishana, wanatoa moja. Mtu wa tatu ambaye hajaona ya asili anairudisha kwenye Kiingereza, utaratibu ulioenezwa na Richard Brislin tangu 1970. Kisha jopo linalinganisha. Wengi huishia hapo na kuandika kwenye tasnifu kwamba dodoso "limethibitishwa". Mfano wa nusu ya siku ulipita hatua zote hizi bila mkwaruzo. Kilichoukamata ni yule binti chini ya mwarobaini. Kwa hiyo usiruke kukaa na wanafunzi mmoja mmoja ukiwaomba wafikiri kwa sauti. Hata kumi au kumi na watano wanatosha kukuonyesha mengi.

SPSS, ile programu ya takwimu, imenipa alfa ya 0.85. Nimemaliza?

Hongera, lakini hapana. Alfa ya Cronbach, ya tangu 1951, inakuambia maswali yako yanaelekea upande mmoja, na 0.70 kwenda juu huonwa kuwa inatosha. Haikuambii upande huo ni upi. Maswali tisa kuhusu njaa yatakupa alfa nzuri sana.

Kazi yenyewe ni kulinganisha dodoso na mtu anayejua. Mwanafunzi anajaza dodoso, halafu ndani ya siku moja au mbili anahojiwa na daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba anayetumia mahojiano yenye mpangilio, kama MINI iliyochapishwa 1998. Mhoji asiione alama ya dodoso. Tunasisitiza hili kwa sababu tumewahi kuona fomu imebanwa na pini nyuma ya karatasi ya mahojiano, alama imezungushiwa wino mwekundu. Siku nzima ya kazi ikatupwa.

Tena usiwapeleke kwa mhoji wenye alama kubwa tu. Usipomhoji yeyote mwenye alama ndogo, hutajua dodoso limewakosa wangapi.

Kikomo ni 10, sivyo?

Kwenye utafiti wa 2001, ndiyo: kuanzia alama 10, dodoso liliwakamata asilimia 88 ya wenye sonona kali na kuwaacha asilimia 88 ya wasio nayo. Ngazi zake ni 5, 10, 15 na 20, kutoka hali ndogo hadi kali sana. Namba hizo si za Tanga. Huenda hapa mstari ukakaa 9, huenda 11. Ndiyo maana tunafanya kazi hii.

Na hata 88 isikupumbaze. Fanya hesabu na mimi. Tuseme una wanafunzi 1,000 na 100 kati yao kweli wana sonona. Dodoso litawakamata 88. Kati ya wale 900 wasio nayo, litawanasa asilimia 12 kimakosa, nao ni 108. Jumla walionaswa ni 196, na wagonjwa wa kweli ni 88, hawafiki nusu. Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari kwamba asilimia kadhaa ya wanafunzi "wana sonona" na chini yake kuna dodoso tu bila mahojiano, punguza sauti.

Nahitaji washiriki wangapi?

Hesabu wagonjwa kwanza, washiriki baadaye. Ukiwa na wenye sonona 30 tu, ile asilimia 88 inaweza kuyumba takribani 12 juu au chini. Kama mmoja kati ya kumi ndiye mwenye tatizo, kupata hao 30 unahitaji kuhoji 300. Na wahoji waliofunzwa hawajai mjini hapa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye miezi mitatu asijitwishe. Apime tafsiri na uelewa wa maswali, aandike hivyo hivyo kwamba hicho ndicho alichopima.

Nikusanye wakati gani wa mwaka?

Si Ramadhani, kama chuo chako kina waislamu wengi kama vya huku. Usingizi umekatwa na daku, mchana nguvu zimeshuka, ratiba ya kula imegeuka: maswali matatu kati ya tisa yameguswa na ibada. Wiki mbili kabla ya mitihani ni hivyo hivyo. Wiki bumu linapoingia kila mtu ana furaha. Ukiweza, kusanya katikati ya muhula, na uandike tarehe zako bayana.

Naweza kutuma kwa Google Form?

Kwa maswali nane ya kwanza tungekuambia sawa. Kwa la tisa, hapana, isipokuwa una mtu anayefungua majibu kila saa na namna ya kumfikia aliyejibu.

Hilo swali la tisa ni lipi, na kwa nini mnaliogopa?

Linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba ni afadhali ufe, au ya kujidhuru. Hatuliogopi. Tunaliheshimu.

Wanafunzi wanatuuliza kama kuuliza kutampa mtu wazo. Hakumpi, mara nyingi aliye nalo anashusha pumzi kwamba kuna aliyeuliza. Tatizo letu ni jingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kuwa na mawazo si kosa, lakini mtu aliyewahi kusikia jirani kapelekwa polisi hatofautishi, anaweka 0 na kuendelea. Juu ya hapo kuna aibu ya dini na hofu ya kufukuzwa hosteli. Kwa hiyo 0 kwenye swali hili tunaichukulia kwa tahadhari kuliko 0 nyingine yoyote.

Jibu lolote juu ya 0 linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni 4. Msaili hamwachi mshiriki aondoke. Anamhamishia kwa mtu aliyefunzwa, faragha, anayeuliza kama kuna mpango, kama kuna njia, na nani yuko nyumbani. Ikibidi wanakwenda pamoja Hospitali ya Bombo, si kumwandikia karatasi aende mwenyewe. Mpango huu uwe umeandikwa na simu za watu ziwe zimehakikiwa kabla ya fomu ya kwanza kugawiwa. Huna mpango, huna utafiti.

Nyumbani wanasema nina jini. Dodoso lenu linajua majini?

Halijui, na halitabishana na mama. Linauliza unalala, unakula, una raha? Hayo yanajibika vyovyote unavyoamini chanzo. Wengi huku hupita kwa shehe au mchungaji kwanza, na si jambo la kucheka. Tunachoomba ni kwamba kisomo kisizuie hospitali. Mkoa huu haukuanza leo kuwatunza wagonjwa wa akili: Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya kanisa, inafanya kazi hiyo tangu zama za Wajerumani.

Nimepata 14. Mimi ni mgonjwa?

Umepata sababu ya kuongea na mtu, basi. Dodoso ni kama mkono wa mama kwenye paji la uso: unajua kuna joto, hujui kama ni malaria. Nenda kahojiwe. Kama utafiti wetu ndio uliokupa alama hiyo, tutakupeleka sisi na hutalipa mashauriano ya kwanza.

Chuo kitajua majibu yangu?

Hapana. Fomu ina namba, jina liko kwenye daftari jingine kwenye kabati jingine. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. Tunavunja siri kwa jambo moja tu, maisha yako yakiwa hatarini, na hilo tunakusomea kabla hujatia saini. Mwalimu wako asiwepo chumbani unapojaza. Akiwepo, mwombe atoke, au toka wewe.

Kuna malipo?

Nauli na soda.

Ninataka kutumia tafsiri yenu. Inawezekana?

Inawezekana. Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, au ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kama chuo hakina, halafu njoo nacho. Tutakupa fomu, na tutakupa pia daftari la maneno tuliyoyakataa na sababu zake. Daftari hilo lisome kabla ya fomu. Na ukigundua sentensi nyingine inayosomeka vingine, tuandikie ukurasa gani, mwanafunzi alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe.